Kapasita Mbili katika Boma la Edo Kaha

Yusuf fundi amefariki, na aliyenipigia simu kunieleza ni Abdinasir. Nitamtaja Abdinasir mahali pake, kwa sasa yatosha kusema kwamba alinisalimu kwa jina ambalo hakuna mtu wa huku Machakos analijua, "Karani, nabad?", na mimi nikajibu "nabad" kabla sijafikiri. Kule watu huulizana kwanza kama kuna amani, habari nyingine baadaye, na ulimi wangu haujaacha mazoea hayo ingawa mvi zimeshanijaa. Nilijua kwa jinsi alivyovuta pumzi kwamba amani haikuwapo. Aliponiambia, niliketi juu ya gunia la maharagwe mle dukani kwangu, mteja akaniuliza bei ya sukari, akangoja, akaondoka amenuna. Mimi nilikuwa nimesharudi Garissa, katika chumba chenye joto la tanuri, namtazama Yusuf ameinamia kompyuta iliyofunguliwa tumbo, na kando yake mzee mwenye ndevu nyekundu za hina akiutazama mkono wake bila kupepesa.

Ulikuwa mwaka wa ukame ule uliokuja kabla ya mvua za El Niño. Nilikuwa msichana, mpiga chapa wa ofisi ndogo ya misaada, na ofisi ilikuwa imekodi chumba kimoja katika boma la mjane aitwaye Kaha, ambaye sote tulimwita Edo, yaani shangazi. Chumba chenyewe kilikuwa na sakafu ya saruji, dirisha moja, na bati ambalo kufikia saa nne asubuhi lilianza kulia lenyewe kwa joto. Nilitundika gunia lililoloweshwa maji dirishani ili kompyuta isiungue, na Edo akanicheka, akisema nilikuwa namwogesha kafiri wa chuma kuliko ninavyojiogesha mwenyewe. Alinilisha kama mwanawe: anjera, ile mikate myembamba ya kimiminika cha unga, asubuhi na chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, adhuhuri wali na ndizi mbivu pembeni, jambo lililonishangaza mwezi wa kwanza na ambalo hadi leo nafanya nyumbani, wajukuu wangu wakinicheka. Umeme wa mji wakati ule ulitoka katika majenereta, ukapanda na kushuka unavyotaka, na balbu yangu ilififia kila mtu fulani mjini alipowasha friji. Kompyuta iliuvumilia umeme huo na joto hilo kwa miaka. Ningejua ninavyojua sasa, ningeshangaa kwamba haikufa mapema.

Koo mbili zilikuwa zimeuana mwaka huo kwa ajili ya kisima. Majina yao siyataji, kwa kuwa wajukuu wao wanasoma darasa moja leo na wengine wameoana. Nitawaita watu wa visimani na watu wa mtoni. Waliokufa walikuwa wengi, lakini katika vinywa vya watu kifo kimoja ndicho kilichobaki, cha kijana wa mtoni aliyepigwa risasi akinywesha ng'ombe, na aliyefyatua alikuwa kijana mwenzake wa visimani ambaye hata ndevu hazijamwota. Marehemu alikuwa mdogo wake Yusuf, fundi wa redio na televisheni mwenye kibanda karibu na soko la mifugo. Muuaji alikuwa mtoto wa Mzee Hirsi, dalali wa ng'ombe, mtu ambaye hapakuwa na mnyama aliyeuzwa soko lile bila yeye kumdhamini. Mtoto yule alikuwa amefichwa mahali fulani porini. Kwa desturi yao, mpaka wazee wamalize kusema na dia, fidia ya damu, ikubaliwe, damu ile ilikuwa ya Yusuf kuidai, na hakuna ambaye angemlaumu. Kila aliyepita kibandani kwake alimsalimu kwa heshima, kisha akamtupia jicho la pili.

Mazungumzo ya suluhu yaliwekwa katika boma la Edo Kaha kwa sababu yeye alizaliwa visimani akaolewa mtoni, kwa hiyo hakuna upande ulioweza kusema umekalishwa ugenini. Mimi nilipewa kazi ya kuandika kwa sababu kama hiyo: Mkamba, mgeni, sikuwa na kisima wala ng'ombe. Wazee walikaa uani kwenye mikeka, upande huu na upande ule, na langoni waliketi askari wa akiba wawili, mmoja wa kila ukoo, bunduki zao magotini. Nilisikiliza kupitia ukutani bila kuelewa zaidi ya maneno machache, biyo ni maji, dhiig ni damu, nabad nabad nabad, na kila jioni mzee mmoja wa kila upande aliingia chumbani kunisomea kwa Kiswahili walichokubaliana, nami nikachapa. Sharti lao moja halikuvunjika: karatasi wala mashine isitoke nje ya boma mpaka mapatano yatiwe sahihi mbele ya Bwana DC. Miaka iliyotangulia mapatano mengine yalipelekwa mahali kuchapwa, yakarudi yamebadilika, na watu walikufa kwa hilo. Hata disketi hawakuitaka, kwani kitu kinachoingia mfuko wa shati hakilindwi na mtu. Kwa hiyo wiki nzima ya maneno yao ilikaa ndani ya mashine yangu peke yake, na nilikuwa nikilala nikiiwaza kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe.

Siku ya kutia sahihi ilikuwa Alhamisi. Bwana DC alikuwa aje baada ya sala ya alasiri, na vijana wa pande zote mbili walikuwa wamejaa nje ya ua wa miti, wamekaa kwa makundi, hawaongei. Adhuhuri niliwasha kompyuta nichapishe. Feni ilizunguka mara kadhaa, skrini ikapata mwanga, kisha kila kitu kikazima. Niliwasha tena, ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu haikuzunguka hata feni, ila mvumo mdogo kama wa mbu ndani ya kile kisanduku cha umeme kilicho nyuma yake, na harufu ya samaki wa jana. Nilitoka nje nikamwambia Edo kwa kunong'ona. Aliweka sufuria ya mchele chini, akajifunga upya mtandio, akaenda kuwaambia wazee.

Nilidhani watasema basi, tutayasema kwa midomo, maana hawa ni watu wanaokariri nasaba za vizazi na vizazi. Lakini Mzee Bulle, msemaji wa watu wa mtoni, alikataa. Kilichosemwa kwa midomo kilikuwa kimeshavunjwa mara nyingi, akasema. Vijana pale nje waliahidiwa karatasi yenye muhuri, na bila karatasi watatawanyika jioni ile, kila mmoja na lake. Hakuhitaji kueleza ni lipi. Fundi wa mambo hayo mjini alikuwa mmoja tu, na kila mtu uani alimjua jina, na kwa muda hakuna aliyelitaja. Mwishowe Mzee Hirsi ndiye aliyesema mwite Yusuf. Upande wake walinung'unika, wakamwuliza kama amerukwa na akili, kumwachia ndugu wa marehemu mapatano ya damu ya marehemu. Alijibu kwamba atakaa naye chumbani mwenyewe, hatua kwa hatua, na kwamba mwenye mtoto porini ni yeye, si wao.

Yusuf alikuja na mkoba wake wa zana na uso usiosema kitu. Alikuwa mrefu, alijifunza ufundi Nairobi, Kiswahili chake kilikuwa cha Eastleigh. Aliketi sakafuni mbele ya mashine, na Mzee Hirsi akaketi karibu naye hivi kwamba magoti yao yalikaribia kugusana, mimi nikasimama mlangoni. Walianza kusalimiana Kisomali, mzee akakatiza.

"Ongea Kiswahili," alisema. "Huyu mtoto wa watu asikie. Yeye ndio shahidi."

Yusuf alichomoa waya ukutani, akafungua kisanduku, akapuliza vumbi la miaka. Ndani ilikaa mikebe miwili midogo ya bluu, mmoja kando ya mwingine, na vichwa vyake, ambavyo vilipaswa kuwa bapa, vilikuwa vimevimba na kutoka uchafu wa kahawia. Alituambia hizo zinaitwa kapasita, kazi yake ni kupokea umeme wa kuyumbayumba na kuutoa umetulia, na kwamba joto limezikausha. Mzee Hirsi alinyoosha kidole aone. Yusuf akaushika mkono wake hewani. Ilikuwa mara ya kwanza wawili wale kugusana. Yusuf akatoa balbu yenye nyaya mbili, akagusisha miguu ya kapasita. Balbu iliwaka, ingawa waya wa ukutani ulikuwa sakafuni, kisha ikafifia na kuzima.

"Imekatwa umeme, lakini haijamaliza hasira," Yusuf alisema. "Ukigusa kabla, inaua mtu."

"Inakaa na hasira siku ngabi?" mzee aliuliza, p ikimgeukia b kama kwa wengi wa kule.

"Inategemea, adeer. Ikiachwa inaisha polepole."

Adeer ni baba mdogo, ni neno la heshima kwa mzee yeyote, lakini sikutegemea kulisikia kinywani mwake siku ile. Mzee Hirsi aliurudisha mkono wake mapajani, akautazama.

Kapasita mpya hazikuwepo mjini. Mfanyabiashara mmoja wa visimani alikuwa na kisanduku kama kile, cha kompyuta iliyopigwa na radi, na Yusuf alipokifungua alikuta mikebe yake miwili mizima, vichwa bapa. Alifurahi, nikamwona kwa mara ya kwanza amefanana na kijana. Alisema hizi ni mapacha, zimezaliwa pamoja, tuziweke zote mbili na kazi imekwisha. Habari ikapelekwa uani, na hapo ndipo wazee walipoharibu. Penye wazee haliharibiki neno, husemwa, lakini aliyesema hakuwa Garissa Alhamisi ile. Mzee Bulle alisema haiwezekani roho ya mashine itakayotoa mapatano iwe yote ya upande mmoja. Kesho watu watasema karatasi ni ya visimani. Wiki nzima kila kitu kilikuwa kimegawanywa nusu kwa nusu, mikeka, mbuzi wa kuchinjwa, walinzi wa langoni, hata sukari ya chai. Basi na hii nayo igawanywe: moja itoke kwao, moja itoke kwetu. Watu wa visimani walikubali papo hapo, kwa kuwa kukataa nusu kungeonekana ni tamaa. Wakaleta televisheni kuukuu ya mtu wa mtoni, ya enzi ambazo picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, Yusuf atoe humo.

Alibisha. Alitoka mpaka uani akawaambia kwamba vyuma havina ukoo. Nilimsikia, na baadaye Edo alinitafsiria neno kwa neno. Mjomba wake mmoja alimwuliza kwa ukali kama amesahau ndugu yake kiasi cha kuwapendelea waliomuua. Baada ya hapo hakubisha tena. Alirudi ndani macho mekundu, akachomeka chuma cha kulehemu kwenye makaa ya jiko la Edo, akaanza kazi. Edo alituletea chai na vipande vya nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, na hakuna aliyeigusa. Muda ulikuwa unakwenda. Kapasita ina upande wa chanya na upande wa hasi, na ile ya kisanduku ilikuwa na mstari mweupe upande wa hasi. Ile ya televisheni ilikuwa na mstari pia. Yusuf alizilehemu mistari ikitazama upande mmoja, huku jasho likimdondoka puani, akapuliza lehemu ipoe. Hakujua, na angejuaje kwa akili iliyokuwa kwa mjomba wake uani, kwamba watengenezaji wa enzi zile za kale waliweka alama yao upande wa chanya. Ya watu wa mtoni ilikuwa imesimama kichwa chini.

Alituambia turudi nyuma. Mimi nilirudi. Mzee Hirsi alikataa, akasema amekuja kuona na ataona. Yusuf akasema bismillahi, akachomeka waya.

Sijui kusimulia sauti ile ila kwa kusema kwamba kila mtu katika boma lile alikuwa amewahi kusikia bunduki, na kila mmoja aliamini ameisikia tena. Chumba kilijaa moshi mweupe na vipande vya karatasi vilivyopepea. Nilianguka kizingitini, na nikiwa pale chini niliwaona askari wa akiba wawili langoni wamesimama, kila mmoja amemwelekezea mwenzake mtutu kifuani. Mikeka ilikuwa imepinduliwa. Nje ya ua vijana walikuwa wanavunja miti waingie. Upande mmoja walilia kwamba Hirsi ameuawa, upande mwingine kwamba Yusuf ameuawa, na nilielewa Kisomali chote siku ile bila kufundishwa. Niliogopa. Nilifikiri nitafia katika mambo ya watu, mbali na kwetu, mikono yangu ikinuka wino.

Nikageuza kichwa ndani. Yusuf alikuwa amekaa pale pale, nyusi zake zimeungua, akiangalia mkebe uliopasuka. "Nimekosea upande," alikuwa anasema, Kiswahili, kwangu au kwa nafsi yake. "Nimekosea upande." Mzee Hirsi alikuwa amejaa vipande vyeusi ndevuni, na mstari wa damu ulimshuka shavuni. Alimtazama yule kijana kwa muda ambao ulinichosha. Ninajua alichokuwa anapima, kwa kuwa mimi pia nilikuwa nakipima. Hakuna kati yetu aliyejua chochote kuhusu vidude vile. Kama Yusuf alitaka kutuua na kuua mapatano pamoja nasi, angefanya hivyo hivyo, na angesema maneno hayo hayo.

Mzee alisimama. Alimshika Yusuf kifundo cha mkono, mkono ule wa kulehemu, akamwinua, akatoka naye nje mpaka katikati ya ua, kati ya mitutu miwili. Hakupaza sauti. Alisema kwa Kisomali, na Edo alinirudia maneno yale kwa Kiswahili mara nyingi kabla sijaondoka, nikayajua kama sala: "Mnanijua. Mimi ni dalali. Ninaposema ng'ombe huyu ni mzima na akifa njiani, ninamlipa mimi. Nimeutazama mkono huu tangu adhuhuri, na uso wake ulikuwa karibu na moto kuliko uso wangu. Alituambia tangu mwanzo zitoke mahali pamoja. Tuliokataa ni sisi wazee. Ninamdhamini. Akiwa na hila, damu ya mwanangu ni yenu bila dia."

Kisha askari wa mtoni alishusha bunduki, kwa kuwa alikuwa karibu zaidi na alimwona Yusuf anavyotetemeka. Mwenzake akashusha. Mzee Bulle alibaki amesimama akiangalia chini, na nilimwonea huruma, kwani kosa lilikuwa lake na kila mtu alilisikia likitajwa. Alisema neno moja fupi na kuketi mkekani, na Edo akanigeukia: "Amesema weka zao zote mbili."

Yusuf alirudi ndani, akakichomeka chuma upya kwenye makaa. Mzee Hirsi ndiye aliyemshikilia kile kisanduku safari hii, kwa mikono yake miwili, huku Yusuf akilehemu pacha wa pili na kubadilisha fyuzi. Alipochomeka waya, mzee hakufumba macho, mimi nilifumba. Feni ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka. Nilichapisha kurasa zile moja moja, printa ya sindano ikikereza kama panzi, na nikilia waziwazi bila kujua nani ananiona. Bwana DC alipofika alikuta watu wamekaa, chai imemwagwa, ua umebomoka upande mmoja, na harufu ya kuungua. Aliuliza kuna nini. Edo alimwambia kompyuta ilipata mafua.

Niliondoka Garissa mvua zilipokata barabara na ofisi ikafungwa. Edo alifariki miaka mingi iliyopita, Mzee Hirsi akamfuata. Watu huniuliza kwa nini simu ya kifo cha fundi mmoja wa Garissa inaniliza wakati nimezika wa karibu zaidi nisilie hivyo. Nilikuwa nimeshuhudia mtu akimwamini mwingine bila sababu ya kutosha. Sijaona tena, na nimeishi sana.

Abdinasir ni mtoto wa Mzee Hirsi, yule aliyefyatua akafichwa porini, akarudi nyumbani baada ya sahihi za Alhamisi ile. Ana watoto watu wazima sasa na duka la vifaa vya umeme. Kazi alifundishwa na Yusuf, kibandani kwake, karibu na soko. Nilipoweza kusema, nilimwuliza mazishi yalikuwaje, kama watu walikuwa wengi. Alisema walikuwa wengi, wa mtoni na wa visimani. Nikasikia magari ya Garissa yakipita nyuma yake.

"Mimi ndio niliingia ndani ya kaburi kumbokea, Karani," alisema. "Watoto wake walinibisha mbele. Walisema, ingia wewe, wewe ndio ndugu yake."